Hajafanya Midomo, Ni Aleji! Mwenzenu Naongea Kutoka Ndani

Wiki iliyopita mjini hapa watu hawakulala. Si mliiona ile picha? Bi dada mmoja hivi, jina kapuni kama kawaida yetu, mwenye wafuasi wengi kama mchanga wa Coco Beach, kapigwa picha anatolewa kwenye bethidei ya mtu mzito huku kajifunika mtandio. Midomo imevimba, jicho moja limefumba kabisa, shingoni mabaka mekundu. Haikupita nusu saa picha imefika kila grupu la WhatsApp, kuanzia Mbagala mpaka Bunju.

Komenti sasa! Mmoja anasema daktari wa midomo kazidisha dozi. Mwingine anasema mume wa mtu sumu, mwenye mali kamfikia. Mwingine kaapa kabisa kwamba kuna mtu wa ndani kamwambia bi dada kalishwa kitu. Kilichonichekesha ni wale waliotaja mpaka bei ya sindano ya midomo, utadhani walikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Mimi nilikuwa naangalia ile shingo. Yale mabaka nayajua. Yanaanza kama umeng'atwa na mbu wawili, halafu mbu wanaitana ukoo mzima. Siku mbili baadaye mwenyewe akaandika mistari miwili tu: alikula kamba, wale wa baharini, siyo ya kuanikia nguo, na mwili umekataa. Nyie mkajibu nini? "Muongo, mwaka juzi tulimwona Forodhani anakula kamba na picha zipo."

Sasa hapo ndipo nikasema hapana, leo naandika. Kula kamba mwaka juzi na kuvimba mwaka huu inawezekana kabisa. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2019, watu wazima zaidi ya 40,000 waliulizwa, na ikaonekana kama mtu mmoja kati ya kumi ana aleji ya chakula inayoeleweka. Kati ya hao, karibu nusu walipata angalau aleji moja wakiwa tayari ni watu wazima. Na chakula kilichoongoza ni hao hao kamba, kaa na ndugu zao. Kwa hiyo mwacheni bi dada wa watu apumue.

Mimi yangu ni ya karanga, na sikuipata ukubwani. Nimekua nayo.

Mama anasimulia kwamba ilianza na uji wa lishe. Mnajua uji wa lishe unavyosagwa: mahindi, ulezi, soya na karanga. Kila mtoto mtaani ananenepa, mimi natapika na kuvimba uso. Majirani wakasema nina jicho. Bibi mzaa mama, mtu wa Dodoma, ambaye kwake mlenda bila karanga ni maji ya kuoshea vyombo, alikuwa wa kwanza kusema, "Huyu mtoto ni karanga." Hakusoma popote. Aliangalia tu nini kimeingia na nini kimetokea. Tangu hapo nyumbani karanga ziliwekwa mbali na mimi kama sumu ya panya.

Watu wengi wanafikiri kuwa na aleji ya chakula ni jambo dogo. Si usile tu? Haya, usile. Ngoja niwaambie "usile tu" inavyokaa kwenye maisha ya msichana wa miaka 26 hapa Dar.

Kijana wa karanga akipanda daladala anagonga sarafu zake kwenye kiganja, kwe kwe kwe, wengine mnasikia njaa. Mimi nasikia moyo. Harufu yenyewe siyo inayoniangusha, hilo daktari alinieleza vizuri, ila abiria wa pembeni akimenya karanga halafu akashika lile bomba ambalo nami nalishika, kisha nikajifuta mdomo, tayari. Nimeshashuka Buguruni wakati naenda Posta, nikalipa nauli mara mbili. Kila mwezi hesabu hiyo ipo.

Kwa mama ntilie siwezi kula mchicha, kisamvu wala mlenda, maana siri ya utamu ni karanga, na mwiko ni mmoja. Ukiuliza "mama, humu kuna karanga?" anakujibu "kidogo tu mwanangu" kwa upendo wote. Kidogo tu! Ukiuliza mara ya pili unaonekana unamtilia mashaka mtu mzima. Wanaokaa nje wana maandishi kwenye pakiti. Uingereza kuna sheria iliyoanza Oktoba 2021, inaitwa kwa jina la Natasha, binti wa miaka 15 aliyefariki 2016 baada ya kula mkate wenye ufuta ambao haukuandikwa kwenye karatasi yake. Sasa chakula kinachofungwa dukani kabla ya kuuzwa lazima kiandikwe kila kilichomo. Mimi lebo yangu ni uso wa mama ntilie. Namsoma.

Tukija kwenye mapenzi sasa, sogeeni karibu. Hapa mjini jioni ikiingia, kila kona kuna kaka na toroli lake: mihogo mibichi, nazi na karanga mbichi. Nyote mnajua ile ni dozi ya nini. Wanaume wanasimama pale wanatafuna kama wanajiandaa na vita. Mimi mwanaume niliyekuwa naye mwaka juzi alikuwa mteja wa kudumu wa toroli. Nikamwambia, kaka, ukila zile usinibusu mpaka zipite saa kadhaa na uwe umekula kitu kingine, na uwe umepiga mswaki. Akaniambia naleta masharti ya mganga. Siku moja alikuja, akanibusu shavuni tu kwa utani, shavu likatoka na alama ya midomo yake kama muhuri wa serikali ya mtaa. Aliogopa yeye kuliko mimi. Akasema ana mke wa majini. Tuliachana kwa meseji.

Basi siku iliyonifanya nianze kutafuta habari kwa bidii ni kitchen party moja ya ndugu yetu, ukumbi sitautaja. Niliuliza wapishi kwa mdomo wangu kisamvu kina nini, nikaambiwa nazi tupu. Vijiko vitatu. Dakika tano nyingi ulimi ukawa mzito, viganja vinawasha, halafu nikasikia koo linafungwa kama mtu anavuta kamba ya mkoba. Huku MC, mtu mnayemjua nyote na mnamlipa hela nyingi, kashika maiki anasema, "Huyo shemeji kanogewa mpaka analia!" Ukumbi ukacheka. Mashangazi wakaanza, mleteeni maziwa. Mwingine, mpeni mkaa wa kusaga. Mama mdogo ndiye aliyenibeba, mimi na kilo zangu 70, akasimamisha bajaji katikati ya barabara kwa kujilaza mbele yake. Zahanati ya kwanza walinipa dawa ya kuwasha nimeze, na nilikuwa siwezi kumeza mate. Ya pili ndiyo walinichoma adrenalini pajani. Ndani ya dakika chache nikasikia hewa inaingia, tamu kama soda baridi.

Nililala pale mpaka asubuhi. Daktari wa zamu, kijana tu, akaniambia maneno mawili matatu ambayo naomba myasome taratibu. Vidonge vya kuwashwa vinasaidia mwasho, koo likifunga havilifungui. Dawa ya koo na presha ni adrenalini, inachomwa pajani kwa nje, na haisubiri. Na hata ukipata nafuu unaenda hospitali, maana kitu chenyewe kinaweza kurudi saa chache baadaye bila kula tena.

Baada ya hapo mwenzenu nikawa siyo yule. Miezi minne sikula nje ya nyumba. Nilikataa harusi tatu. Nilikataa na kazi ya kuandika kwenye onyesho moja la Arusha kwa sababu chakula kilikuwa cha pamoja. Usiku naota kisamvu. Aleji yenyewe ilinikamata dakika arobaini, uoga ulinikamata miezi. Hiyo ndiyo watu hawaioni, kwa sababu uoga hauvimbishi midomo.

Sasa nikiwa kwenye hali hiyo, Aprili 2025 ikatoka habari kutoka London. King's College London na hospitali za Guy's na St Thomas' walifanya jaribio linaitwa GUPI, la watu wazima wenye aleji kali ya karanga. Watu 21, umri miaka 18 mpaka 40. Wakawa wanalishwa karanga. Nilisoma mara ya kwanza nikafikiri mtandao umekosea.

Ngoja nieleze kwa lugha yetu. Mwili una mabaunsa wake wa mlangoni. Kazi yao kuzuia wahuni, yani minyoo, sumu na takataka. Kwetu sisi, zamani huko baunsa mmoja alimwona karanga akamshuku, akasambaza picha yake kwa wenzake: huyu akija, pigeni. Picha hiyo madaktari wanaiita IgE. Siku karanga anapita, hata chembe, mabaunsa hawamshiki yeye peke yake, wanafungulia maji ya zimamoto ukumbi mzima. Ngozi inavimba, tumbo linakata, koo linabana, presha inashuka. Hiyo vurugu kubwa ndiyo anafilaksia, neno lililotungwa na Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, mwaka 1902. Richet akapata Nobeli 1913 kwa kazi hiyo.

Tiba yenyewe, wanaiita imunotherapia ya kumeza, ni kumleta karanga mlangoni kila siku akiwa mdogo kiasi kwamba baunsa anaona aibu kumpiga. Kesho tena. Baada ya wiki mbili anakuja mkubwa kidogo. Baada ya miezi baunsa anamzoea, anamwambia pita. Na wazo siyo la leo. Mwaka 1908 daktari wa Uingereza aitwaye Alfred Schofield aliandika kwenye jarida la Lancet habari za mvulana wa miaka 13 mwenye aleji ya mayai. Alimpa yai kwa vipimo vidogo mno, akaongeza polepole mpaka dogo akawa anakula yai. Miaka zaidi ya mia imepita ndiyo tunafikishiwa sisi watu wazima.

Kwa nini tumechelewa? Kwa sababu watoto ndiyo walipewa kipaumbele, na kwa haki, mwili wao bado laini. Marekani walipitisha unga maalumu wa karanga uitwao Palforzia Januari 2020, lakini kwa kuanza ukiwa na miaka 4 mpaka 17, na 2024 wakashusha mpaka mtoto wa mwaka mmoja. Kwenye jaribio lake kubwa watu wazima mpaka miaka 55 waliwekwa, ila kwao majibu hayakuwa ya kushawishi. Kwa hiyo ukishapita 17, mlango umefungwa. Ndiyo maana hii ya London ilinifanya nikae kitandani.

Walianza na chembe ya unga wa karanga iliyochanganywa na chakula, hospitalini, madaktari wamesimama na dawa mkononi. Ukivumilia, unaendelea na kipimo hicho hicho nyumbani kila siku, halafu unarudi hospitalini kuongezewa. Polepole wanahamia kwenye karanga zenyewe. Waliofika juu walikuwa wanakula kama karanga nne kwa siku. Mwishoni wakapimwa, na asilimia 67, yani watu 14 kati ya 21, waliweza kula sawa na karanga tano bila mwili kufanya fujo. Na walipoulizwa maisha yakoje, walisema uoga wa kula umepungua, nafsi imetulia.

Karanga tano wadau. Wewe unazitupa mdomoni huku unaangalia mpira na hujui kama umekula.

Lakini mimi siyo mtu wa kusoma kichwa cha habari nikaruka. Hizo karanga tano siyo kibali cha kwenda kununua kashata. Ni kinga ya ajali. Yani kile kijiko cha kitchen party kisinilaze zahanati. Na wengi wakiacha kula dozi yao, mabaunsa wanasahau, picha inabandikwa upya. Kwa hiyo ni kila siku, muda mrefu, pengine maisha. Utakula kitu unachokiogopa kuliko vyote, kila asubuhi, ili usikiogope.

Na kuna upande ambao wale wa kushangilia hawausemi. Mwaka 2019 jarida hilo hilo la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 12 ya tiba hii ya karanga, watu zaidi ya 1,000, wengi wakiwa watoto. Waliokuwa wanalishwa karanga walipata anafilaksia mara nyingi zaidi kuliko waliokwepa tu. Ukifikiria ina mantiki, maana anayekula adui kila siku lazima siku mojamoja atapigwa. Na ubora wa maisha? Haukuonekana tofauti kati ya makundi mawili. Hiyo ilinikata maini, maana mimi ndicho ninachokitaka, siyo karanga.

Nimelifikiria sana hilo. London wanasema maisha yamekuwa bora, uchambuzi ule unasema hamna tofauti. Maoni yangu mimi mwandishi wa Tabata, siyo daktari: mtoto wa miaka minane uoga wake kaubeba mama yake. Yeye anachoona ni kwamba kila siku analazimishwa kula kitu kibaya na tumbo linauma. Mtu mzima uoga kaubeba mwenyewe miaka ishirini, kakosa kazi, kakosa mchumba, anajua analipia nini. Labda ndiyo maana. Na pia watu 21 ni wachache, hawajazi hata daladala.

Halafu masharti yake. Ukishakula dozi hufanyi mazoezi wala kuoga maji ya moto kwa muda, maana mwili ukipata joto kipimo ulichokizoea jana kinaweza kukuangusha leo. Ukiwa na homa unaambiwa upunguze au usimame. Pombe, kukosa usingizi, dawa fulani za maumivu, hata siku za hedhi, vyote vinaweza kuchokoza. Nikacheka peke yangu. Hivi kusimama kwenye Mwendokasi ya saa kumi na moja jioni, kwapa la mtu puani, siyo mazoezi? Ile ni gym kamili. Itabidi mtu ale dozi yake usiku akae kitandani kama mzazi.

Sasa naomba tusikilizane hapa, maana hii ndiyo sababu nimeandika leo na siyo mwezi ujao.

Kuna kaka mmoja wa mambo ya lishe mtandaoni, jina kapuni, wafuasi laki na ushee, kifua kipana, anaongea kwa kujiamini kama kazaliwa na stetoskopu. Kachukua habari ile ya London, kaweka picha ya wazungu wenye makoti meupe, kaandika kwamba sayansi imethibitisha dawa ya aleji ni kula kile kile kinachokudhuru. Chini kaweka kopo. Unga wa kuzoesha mwili, shilingi 35,000, unalamba kijiko kidogo kila asubuhi, ukivimba usiogope, ni sumu inatoka.

Ukivimba usiogope! Nilitetemeka.

Usiku wa Jumanne akaniandikia binti mmoja wa Mwanza, miaka 22, msomaji wetu hapa siku nyingi. Ana aleji ya karanga kama mimi, mara ya mwisho alizimia. Kanunua kopo. Akanitumia picha ya kijiko, akauliza, "Dada, naanza na kijiko kizima au nusu?" Saa tano usiku. Yuko peke yake kwenye chumba cha kupanga, anayempangisha kalala. Nikapiga. Haikupokelewa. Nikapiga tena mara tano. Alipokuja kupokea nikamwuliza swali moja tu: "Umelamba?" Akasema bado, anasubiri jibu langu.

Nilimwambia hivi. Kule London hawakuanza na kijiko. Kijiko cha chai cha unga wa karanga kina protini nyingi kuliko dozi yao ya kwanza mara mamia, na wao walianza wakiwa hospitalini, kitanda kiko pale, adrenalini iko pale, na anayepima anajua ni miligramu ngapi. Kwenye kopo la kaka hakuna anayejua kuna nini. Na mwenye kopo atakuwa wapi saa tano usiku? Binti akalia. Akasema, "Dada nimechoka kuogopa." Nikamwambia najua. Tuliongea mpaka saa saba. Kopo lipo juu ya kabati, hajalifungua, na Ijumaa alienda kumwona daktari kwenye hospitali ya mkoa. Nimemwandikia na yule kaka. Kanijibu kwa kunizuia.

Najua nyie mtauliza, mbona wewe hujatafuta hiyo tiba? Nimetafuta. Nilikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, nikabeba habari ya GUPI kwenye simu. Aliisoma yote, akaniheshimu, akaniambia pale kwake hawana huduma hiyo na hawezi kuibuni kwa kuangalia simu yangu. Hilo nililipenda kuliko yule wa kopo. Akanieleza pia kwamba Februari 2024 Marekani walipitisha sindano iitwayo omalizumabi kwa aleji za chakula, watoto na watu wazima, inachomwa kila wiki mbili au nne, inawapunguza makali hao mabaunsa kwa ujumla bila wewe kulamba chochote. Bei yake nikaambiwa nikae kwanza. Nikakaa. Nikasimama nikaondoka.

Nilichotoka nacho ni kidogo ila ni changu. Aliniandikia vichupa viwili vya adrenalini na mabomba ya sindano, kwa sababu zile za kalamu za kujichoma sijazipata kwenye famasi yoyote niliyouliza. Akaniandikia kipimo kwenye karatasi, akanifundisha kuvuta dawa kwa kutumia kichupa cha maji, mara kumi, mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Siku ya pili nikampeleka mama na mama mdogo. Mama mdogo alichoma chungwa kwa hasira zote za kitchen party. Nimeshona kimfuko kidogo cha kitenge, kinakaa ndani ya mkoba, na karatasi juu imeandikwa kwa herufi kubwa: NIKISHINDWA KUPUMUA, SINDANO PAJANI, HOSPITALI. MAZIWA SITAKI.

Tangu nipate kile kimfuko nimeenda harusi mbili. Kwa wapishi naenda mwenyewe nyuma ya jiko kabla watu hawajaketi, naomba kuonja kwa macho, naangalia kinu. Wengine wananuna. Mmoja alinipikia mchicha wa nazi sufuria peke yake, akaufunika kwa kitambaa, akasema "huu wa mwanangu." Nilikula huku nalia, na safari hii ni kwa kunogewa kweli. Ila bado siketi karibu na dirisha la daladala wanapopanda vijana wa sarafu, na bado naota.

Ikija siku tiba ile ikafika hapa, hospitali, madaktari, vipimo, bei ya kuelezeka, nitajipanga foleni? Nimejiuliza sana. Nafikiri nitajipanga. Karanga nne kila siku ni nyingi, lakini ukihesabu nauli mbili, kazi ya Arusha na usingizi niliokosa, nimeshalipa zaidi. Wewe mwenye aleji ya samaki, maziwa, mayai, pweza, niandikie hapo chini ungefanyaje, na hao wenye makopo msiwape nafasi kwenye komenti zangu, nitawafuta.

Halafu mtauliza na ya yule wa toroli. Huyo alishapita. Kuna mwingine sasa hivi, mtaratibu, fundi wa umeme. Tulipokutana mara ya tatu nilimwonyesha kimfuko cha kitenge, nikasubiri kusikia habari za majini. Akauliza sindano inachomwa paja la kulia au la kushoto. Karanga kaacha kabisa, kabaki na muhogo na nazi, na anadai nguvu hazijapungua hata kidogo. Hilo siwezi kulithibitisha hapa, mama anasoma blogu hii.